Hukumu Tuliyoikariri

Nilipokuwa kidato cha nne, shule yetu ya kata, karibu na Mwandoya, haikuwa na mwalimu wa Kiingereza. Aliyekuwepo alihama tukiwa kidato cha tatu, akamfuata mume wake Mwanza, na nafasi yake haikujazwa. Vipindi vyake akapewa mwalimu wa Historia, mwanaume mpole mwenye kikohozi kisichoisha. Siku ya kwanza alisimama mbele yetu, akaweka chaki mezani, akasema kwa Kiswahili, "Jamani, mimi nimesomea Historia. Hiki Kiingereza tutakokotana hivyohivyo mpaka Novemba."

Nilimpenda kwa kusema vile. Walimu wengine wangejifanya wanakijua.

Njia yake ya kutukokota ilikuwa kukariri. Alitafuta mitihani ya miaka iliyopita, akaandika majibu ubaoni, sisi tukanakili. Barua ya kuomba kazi niliijua yote, na nukta zake, na mahali pa kuruka mstari. Ungeniuliza sentensi ya tatu inasema nini, nisingekujibu. Nyumbani kwetu Kimali tunaongea Kisukuma. Kiswahili chenyewe nilikutana nacho darasa la kwanza. Sasa pale sekondari ilikuwa marufuku kuongea lugha yoyote isipokuwa Kiingereza, na aliyekamatwa alikwenda kumwagilia miti ya shule. Kwa hiyo tulinyamaza. Wanafunzi arobaini na kitu, wakubwa, wenye ndevu wengine, tunaonyeshana kwa vidole kama mabubu. Miti ile ilistawi kidogo muhula wa kwanza, kisha tukazoea kunyamaza, ikakauka.

Mmoja tu kati yetu alikuwa na Kiingereza. Alikuwa mwenzangu wa dawati, kijana mrefu, mtoto wa wafugaji. Alipokuwa akisoma kwa sauti, darasa zima lilitulia. Alijua pa kupanda na pa kushuka, na neno refu halikumtisha. Wakaguzi walipokuja, aliitwa yeye asome, na mkaguzi mmoja akampa mkono. Mwalimu wa Historia mwenyewe alikuwa akikwama kwenye neno anamtazama yeye. Sisi wengine tulikubaliana kimyakimya kwamba kama kuna mtu wa shule yetu atakayevuka, ni huyu, na labda tukimshika nguo atatuvuta.

Mwezi wa tatu mwalimu alileta kitabu cha tamthilia. Mtihani ulikuwa na maswali ya fasihi, na hatukuwa tumesoma kitabu hata kimoja. Nakala ilikuwa moja. Alikaa nayo mezani muda mrefu, akaigeuzageuza, halafu akatoa wembe mfukoni akaikata mgongo. Msichana mmoja nyuma yangu alishtuka kwa sauti, maana tulifundishwa kwamba kuharibu kitabu ni kosa la kufukuzwa. Mwalimu aliendelea kukata. Alitoa vipande saba, akavishona kimoja kimoja kwa uzi wa katani, akagawa kwa makundi.

"Kila kundi lisome kipande chake," alisema, "lielewe, lije liwasimulie wengine. Hivyo wote mtakuwa mmesoma kitabu kizima."

Tamthilia ilihusu mwanamke mwenye duka dogo karibu na daraja, na kaka yake aliyeshtakiwa kuiba dawa za zahanati. Hayo tuliyajua kutoka vipande vya mwanzo, vilivyokuwa rahisi. Kila kundi liliposimulia, tuliandika kwenye madaftari. Polepole tukaanza kubishana kuhusu huyo kaka: aliiba au hakuiba? Kwa mara ya kwanza Kiingereza kilikuwa na kitu ndani yake tulichotaka kukijua.

Kundi letu lilipewa kipande cha mwisho, cha mahakamani. Tulikuwa sita, lakini kipande alikaa nacho mwenzangu wa dawati. Hakuna aliyepinga. Ilipangwa asimulie baada ya likizo ya mwezi wa sita.

Hakurudi. Mvua za mwaka ule zilikatika mapema, majani yakaisha upande wa kwao, na baba yake alipigwa teke na fahali, akavunjika mguu. Kaka yake mkubwa alikuwa ameshaondoka siku nyingi. Ng'ombe walipaswa kuhamia malisho ya Bukundi, na mtu wa kwenda nao alikuwa yeye. Mkuu wa shule aliandika barua nyumbani kwao. Sijui kama kulikuwa na mtu wa kuisoma.

Wiki tatu zilipita. Mwalimu akaniita ofisini.

"Unapajua walipo?"

"Nitauliza, mwalimu."

"Mwambie arudi. Akikataa, leta zile kurasa." Alikohoa, akafuta mdomo. "Muombe basi akusimulie mwisho. Sisi wengine hapa hatutaweza."

Niliazima baiskeli ya mjomba, nikaondoka Jumamosi asubuhi. Pamba ilikuwa imeshavunwa, mashamba yamebaki mabua, na vumbi la njia ya Bukundi lilikuwa jingi kiasi kwamba mara mbili nilishuka nikasukuma. Niliuliza kila niliyekutana naye. Kabla ya saa sita nilifika kwenye kambi yao: vibanda viwili na boma la miiba. Mama yake alikuwa anaanika maboga.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola."

Aliitazama sare yangu. Niliivaa makusudi, ili nionekane nimetumwa. Aliingia ndani akaniletea maziwa na sahani ya michembe ya viazi vitamu, akanielekeza mtoni bila kuuliza nimefuata nini. Nadhani alijua.

Mto ulikuwa mchanga mtupu. Mwenzangu alikuwa ndani ya kisima walichochimba katikati, maji yanamfika magotini, anachota kwa ndoo na kumwagia kwenye hori, ng'ombe wanasukumana. Aliponiona alicheka kwa furaha, kisha akaona sare, akaacha kucheka.

Tulipokezana kuchota mpaka ng'ombe wa mwisho akanywa. Ndipo nikampa ujumbe wa mwalimu.

"Nirudije?" alisema. Tuliongea Kisukuma, na ulimi wangu ulikuwa mwepesi kama umefunguliwa kamba. "Hawa nimwachie nani? Mama?"

"Mtihani ni Novemba. Mvua zikianza mapema..."

"Zikianza mapema ndio tutaanza kurudi. Taratibu, maana wamekonda. Tutafika nyumbani Desemba."

Alikwenda kwenye mti alipotundika shuka na fimbo yake, akarudi na kipande cha kitabu ndani ya mfuko wa nailoni. Hakikuwa na doa. Alikuwa amekitunza kuliko sisi tulivyotunza vyetu.

"Umekisoma?"

"Mara nyingi. Hapa kuna kazi gani nyingine?"

"Nisimulie basi. Aliiba?"

Alitazama ng'ombe. Kisha akaanza kusimulia, na mimi nikaandika magotini. Alisema hakimu alisikiliza pande zote mbili. Mganga wa zahanati akatetemeka kizimbani, ikajulikana ndiye aliyeuza dawa. Kaka akaonekana hana hatia. Dada yake alilia mahakama nzima ikamgeukia. Kisha wakarudi dukani wakaishi kwa amani miaka mitano, mpaka daraja lilipojengwa upya na duka lao likawa kubwa. Alisimulia vizuri sana.

Nilimshukuru. Tuliagana pale mchangani. Aliniuliza jambo moja tu: kama dawati letu amekaa mtu mwingine. Nikasema hapana, ingawa alikuwepo.

Jumatatu nilisimulia darasani. Mwalimu aliniruhusu nitumie Kiswahili, akafunga mlango ili mkuu asisikie. Nilipofika kwenye hukumu, darasa lilipiga makofi. Nikampa mwalimu kurasa, akazifunua hapa na pale, akaziweka chini ya kitabu chake cha mahudhurio.

"Vizuri sana," alisema. "Sasa tutengeneze majibu."

Nami nilikuwa nimezifunua njiani, nilipopumzika chini ya kivuli. Niliona maneno mawili niliyoyafahamu, yanayosema mtu hana hatia, nikafurahi. Mbele kidogo niliona miaka mitano. Kila kitu kilikuwa pale alipokisema. Yaliyobaki yalinipita machoni kama mabua.

Aya za majibu alizitunga mwalimu, sisi tukazikariri. Miezi mitatu ile sikumbuki kingine. Tuliamka tunakariri, tulichota maji tunakariri. Msichana aliyeshtuka siku ya wembe aliniambia kwenye foleni ya bomba kwamba usingizini anaota maneno yanatambaa kama siafu na yeye hana viatu. Hatukuwa na matumaini hasa. Tulikuwa na hiyo aya ya hukumu, basi.

Siku ya mtihani swali la tamthilia lilikuja, nikaona neno la haki ndani yake, nikaimwaga aya yote. Sikujua kama ndivyo walivyouliza. Nje, wenzangu walikuwa wanashikana mikono. "Umemwachia huru?" "Nimemwachia!" Mwalimu wa Historia alisimama mbali, karibu na ile miti iliyokauka, anatutazama, hakuja.

Matokeo yalitoka Januari, tukayaangalia kwenye simu ya mwenye duka. Kiingereza nilipata F. Karibu wote tulipata F. Msichana wa foleni alipata D, akalia kwa sababu alifikiri D ni mbaya kuliko F. Mama yangu aliuliza kama nimefaulu; nikasema nimepata daraja la nne. Akasema, "Wabeja," yaani asante, kama mtu aliyeletewa zawadi, akaendelea kuchambua choroko.

Nilikwenda Bariadi kwa shangazi ili nirudie mtihani. Kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyefundisha watahiniwa wa kujitegemea barazani kwake. Alikuwa na tamthilia ileile, nzima. Tulipofika mwishoni nilijisikia mwenyeji, nikanyoosha mkono nikaeleza jinsi kaka alivyoachiwa huru.

Mwalimu alivua miwani. "Nani aliachiwa?"

"Huyo kaka. Hakuwa na hatia."

"Hebu soma hapo."

Nilisoma. Akanifasiria neno kwa neno, bila haraka, na kila neno lilinivua nguo. Aliyesema hana hatia ni wakili wake. Hakimu aliyarudia maneno ya wakili ili ayakatae. Dada mwenyewe ndiye aliyetoa ushahidi dhidi ya kaka yake. Miaka mitano ilikuwa ya jela.

"Mlisomea wapi nyie?" mwalimu aliuliza. Hakuwa ananidhihaki, alitaka kujua kweli. Nilitaja Mwandoya. Akavaa miwani, akaendelea.

Mwaka ule nilipata D. Chuo nilichokitaka hakikunichukua, na sikujaribu tena.

Nilikutana na mwenzangu wa dawati mnadani Mwandoya mwaka uliofuata. Alikuwa ameleta madume mawili. Amekuwa mwanaume, ana mke. Tulikaa pembeni tukala nyama choma, tukaongea habari za mvua. Mwishowe sikuweza kujizuia. Nikamwambia kaka alifungwa.

Aliacha kutafuna. "Alifungwa?"

"Miaka mitano. Dada ndiye aliyemtaja."

Alifuta mafuta mikononi.

"Mimi nilijua kusoma tu," alisema. "Kutamka. Hiyo nilijaliwa. Zile kurasa nilizisoma pale mtoni mpaka zikanichosha. Nilishika maneno machache: hana hatia, miaka mitano, dada analia. Yaliyobaki nilijaza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeendesha baiskeli toka Mwandoya. Na mlisema mimi ndiye ninayejua." Akatema mfupa. "Ningekwambiaje?"

Sikuweza kumkasirikia. Nilichofikiri, na bado nafikiri, ni kwamba wale wakaguzi, mwalimu, sisi arobaini, wote tulimsikia akisoma miaka minne, na hakuna aliyewahi kumuuliza maana yake ni nini. Tungemuulizaje, wakati jibu lenyewe tusingelielewa? Tuliagana. Madume yake yalikuwa hayajapata mteja.

Sasa nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ofisi hapa Bariadi. Natoa kopi, nachapa barua. Watu wananiletea barua za Kiingereza za kuomba kazi, wananiambia niangalie kama ziko sawa. Nazisoma, nasema ziko sawa.

Januari hii alikuja mama mmoja wa Kimali, hanifahamu, ameshika simu ya kijana wake yenye matokeo, akataka nimtolee kwenye karatasi. Nilipompa karatasi aliishika kichwa chini miguu juu, nikamgeuzia.

"Hii ya Kiingereza wameandika nini, mwanangu?"

"F, mayu."

"Ndiyo nini?"

Nyuma yake kulikuwa na watu wawili wanasubiri. Nikamwambia maana yake ni kwamba hakufaulu.

"Lakini alisoma," alisema. "Alikuwa anasoma kila siku, kwa sauti, mpaka na sisi tukayajua."

Nilikunja karatasi yake mara mbili, nikamtafutia bahasha.