Nyundo na Fomu ya Chuma cha Nje

Waliotuharibia mwaka ule walikuwa watu wanne. Majina yao nayajua, na wawili bado wanatembea mjini wakipokea shikamoo za watoto wa watu. Sitawaandika majina. Kuandikwa jina kitabuni ni heshima, na mimi heshima ya kuwagawia sina. Nitawataja kwa kazi zao: katibu kata, mtunza ghala, na karani wa vibali. Wa nne nitamfikia.

Mimi ni mfua chuma. Shule niliishia darasa la nne, nikaingia kibandani kwa baba kushika mivukuto, na sijatoka mpaka leo. Kwetu Ufipa jembe si kitu cha kuchagua dukani kwa rangi. Nyasi zetu zimesukana mizizi kama mkeka, na kilimo chetu ni cha ntumba. Mvua ikishalainisha ardhi, unakata nyasi pamoja na udongo wake, unageuza, unarundika tuta la mviringo, nyasi zinaozea ndani. Juu unapanda maharage. Mwaka unaofuata unalitawanya tuta, unapanda ulezi kwenye mboji ile. Kwa hiyo usipolima ntumba mwaka huu, njaa yako haiji leo. Inakuja mwaka kesho, na inapiga hodi kwa adabu kabisa.

Jembe la kiwandani halikati ntumba. Panahitajika jembe pana, zito, la kufuliwa. Tulilifua kwa springi za malori zilizovuka mpaka kutoka Zambia juu ya baiskeli na vichwani mwa watu. Na tulilifua kwa nyundo moja.

Nyundo ile haikuwa na mpini. Ilikuwa chuma kitupu, kizito kama mtoto wa mwaka mmoja, kimelika katikati pale viganja vya watu waliokwisha kufa vilipokishika. Chuma chake kilichimbwa hapa hapa, kikayeyushwa kwenye ilungu, yale matanuru ya udongo yanayomzidi mtu kimo, ambayo wazee waliyajenga mlimani kabla ya mzungu. Baba alikuwa mtoto alipoona ilungu la mwisho likiwashwa. Alisema lilipambwa kwanza kama bibi harusi, ndipo likatiwa moto.

Kila mwaka jembe la kwanza la ntumba lilianzwa na baba. Alipiga mapigo saba, na kwa kila pigo alitaja jina la mmoja aliyeishika nyundo kabla yake, kuanzia aliyeifua. Kisha ananikabidhi. Mimi nilikuwa kijana, nina mke na mtoto mmoja, najiona nina haraka. Nilisubiri majina yale yaishe kama mtu anayesubiri mvua ipite. Sikuyashika.

Operesheni ya vijiji ilipotuhamisha kutoka mlimani kutupanga kando ya barabara kama magunia, na mgambo wakaziezua nyumba zetu ili tusirudi, baba aliweka nyundo begani akamwachia mama vyombo vyote. Mama alimsema njia nzima.

"Mwoneni! Kambeba mke mkubwa, mimi mdogo nibebe masufuria."

"Mke mkubwa halalamiki," baba akamjibu.

Basi, tukajenga kibanda kipya barabarani, tukaendelea. Ndipo vita vikaja. Vilikuwa Kagera, mbali na sisi kama mwezi ulivyo mbali, lakini katibu kata alivileta mpaka uwanja wa shule.

Huyu katibu kata alikuwa mtoto wa hapa hapa. Bibi yake alilima ntumba kwa jembe la baba yangu, na kwa jembe hilo alimlisha mama aliyemzaa yeye. Lakini alikuwa amekwenda kozi akarudi na koti la mikono mirefu na sauti ya redio. Alisimama juu ya meza ya mwalimu akasoma waraka.

"Ndugu wananchi! Chuma ni silaha. Chuma chote kitokacho nje sasa ni mali ya usalama wa taifa. Kitaingia kwa kibali, kwa mgao, na kwa ushuru. Atakayekutwa na chuma cha nje bila stakabadhi, huyo ni mlanguzi, na mlanguzi ni adui!"

Bibi mmoja aliyekaa mbele akainua mkono. "Ndugu Katibu, na sindano?"

"Sindano imefanya nini?"

"Nauliza tu, mjukuu wangu. Ni chuma, na sikuifua mimi."

Watu wakacheka. Katibu akatoa kalamu mfukoni, akaandika. "Suala la sindano litaangaliwa," akasema. Ndivyo tulivyotawaliwa.

Wiki hiyo hiyo alipita nyumba kwa nyumba na mgambo wawili. Aliandika baiskeli, aliandika jembe la ng'ombe, aliandika kitanda cha mwalimu. Kwetu alichukua springi zote alizoziona. Hilo sibishani nalo: zilikuwa za magendo, na ushuru mpya wa springi moja ungekula mbuzi. Lakini mgambo mmoja akainama, akainyanyua nyundo kwa mikono miwili.

"Stakabadhi ya hii iko wapi, mzee?" akauliza katibu.

"Hii haikununuliwa," baba akasema. "Ilizaliwa."

"Na nani?"

"Panda mlima ule. Mama yake bado amesimama."

Mgambo akacheka. Katibu hakucheka. Alimwangalia baba kwa huruma, ile huruma ya aliyekwenda kozi.

"Mzee wangu, Wafipa hawajawahi kutengeneza chuma. Chuma kililetwa na wazungu. Hiyo ni historia."

 Nimewaona watu wakitukanwa mama zao sokoni, lakini sijaona uso kama wa baba siku ile. Nyundo ikafungwa kamba, ikatupwa ndani ya gari juu ya springi, ikaenda Sumbawanga.

Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa kwanza. Mvua zetu huisha mwezi wa nne, na zikiisha ardhi inakuwa tofali. Kijiji kizima kilikuwa na miezi miwili na kidogo ya kulima ntumba, na majembe mengi yalikuwa yamelika, yakisubiri kuongezewa chuma kibandani kwetu.

Serikali ilituletea majembe ya mgao. Kumi na mawili, kijiji kizima. Yaligawiwa kwa kura, na walioshinda walishangilia kwa siku moja. Siku ya pili yalikuwa yamejikunja kwenye mizizi kama majani ya tumbaku. Wanawake wakatuletea tuyanyooshe. Tulijaribu kwa jiwe, jiwe likapasuka. Tulijaribu kwa nyundo ya seremala ya kuazima, ikachomoka kwenye mpini, nusura impige mke wangu sikio.

"Nenda mjini ukaitafute," baba akaniambia. "Kule mlimani, chini ya ilungu, okota ushahidi uwapelekee. Mtu aliyesoma haamini mpaka ashike."

Nikapanda mlimani. Ilungu lilikuwa limebomoka upande mmoja, mti umeota ndani, lakini chini yake yalijaa mavi ya chuma, yale mabaki meusi ambayo moto huyaacha. Nikachukua bonge moja zito, nikalifunga kwenye kitambaa, nikadandia lori la mahindi mpaka Sumbawanga. Nilifikia kwa binamu yangu, mtaa wa Chanji.

Kwenye ghala la serikali walikopeleka vyuma niliiona nyundo yetu mara moja. Ilikuwa pembeni, juu ya springi, imewekewa kikaratasi. Mtunza ghala alikuwa mtu mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, akitembea unamsikia kama mbuzi mwenye njuga.

"Nyundo yako iko salama kuliko wewe," akaniambia. "Nenda kwa karani wa vibali."

Nilipokuwa nimesimama pale, vijana wanne walikuwa wakipakia nondo kwenye mkokoteni. Nondo mpya, za nje, za mgao. Nikadhani zinakwenda vitani. Jioni nikirudi kwa binamu nilizikuta Chanji, kwenye nyumba mpya ya mtunza ghala mwenyewe, fundi akizipachika madirishani. Zilibanana hivi kwamba paka angepita kwa maombi tu. Usalama wa taifa ulikuwa umekwenda kulala chumbani kwake. Binamu yangu alinivuta shati. "Usiangalie sana. Anaweza kukuuliza stakabadhi ya macho."

Karani wa vibali alikuwa mtu wa Mbeya, kijana msafi, mpole. Ningependa kusema alikuwa mkali, ingenisaidia. Alinipa kiti, akatoa fomu.

"Aina ya chuma?"

"Nyundo."

"Nchi ilikotoka?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Ufipa."

"Ndugu, nimeuliza nchi, sijauliza kabila."

"Basi Tanzania."

Akaweka kalamu chini taratibu. "Hii ni fomu ya chuma cha nje. Tanzania haiwezi kuwa nje ya Tanzania. Na chuma chenyewe hapa hatuzalishi. Tungekuwa tunazalisha, mimi ningekaa hapa nafanya nini?"

Nikaona huu ndio wakati. Nikafungua kitambaa, nikaliweka bonge mezani pake. Nikamweleza ilungu, nikamweleza babu, nikamwambia akitaka twende akalione kwa macho. Alisikiliza mpaka mwisho, na alilishika bonge akalipima uzito. Nikafurahi. Mimi na baba yangu tulikuwa wajinga wa kiasi hicho.

"Kwa hiyo hiki kimechimbwa ardhini," akasema.

"Ndiyo."

"Leseni ya kuchimba anayo nani?"

"Waliochimba walishakufa."

"Kwa hiyo hakuna. Ndugu yangu, nisikilize vizuri, mimi nakuonea huruma. Ukisema chuma kimetoka nje, hilo ni kosa la ushuru, na dawa yake ni fomu. Ukisema kimetoka ardhini hapa, hayo ni madini, na madini ni mali ya umma. Hiyo kesi si yangu. Hiyo ni ya polisi, nao watamtaka mzee mwenye nyundo."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Niliisikiliza. Kila siku iliyonyesha ilikuwa siku ya ntumba inayopotea kule kwetu, na watu walikuwa wanaisikiliza hivyo hivyo huku majembe yamekaa ukutani. Nikamfikiria baba mahabusu.

"Nje wapi basi?" nikauliza.

"Popote. Chagua."

"China?"

"China ni rafiki. Chuma cha rafiki lazima kije na barua. Andika Uingereza, wengi huandika Uingereza."

Alitaka kuniandikia. Nilikataa, eti nioneshe kwamba na mimi nimesoma. Nikaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne: UINGEREZA. Nikaagiza nyumbani mbuzi wawili, nikawauza, nikalipa ushuru wa chuma cha mababu wa baba yangu kama vile kimeshuka melini juzi, nikapigiwa mihuri mitatu. Kabla ya kuitoa nyundo, mtunza ghala akaipaka namba kwa rangi nyeupe, pale pale katikati palipolika kwa viganja.

Kwa hiyo wa nne mmemwona.

Nilifika nyumbani wiki ya mwisho ya mwezi wa pili. Bado kulikuwa na muda. Habari ilinitangulia, na watu walijaa kibandani na majembe yao, wanawake wakipiga vigelegele, moto umekwisha kuwashwa. Springi hatukuwa nazo, lakini mama alikuwa ameficha mbili ndani ya ghala la mahindi siku ya msako; yeye waraka hakuuelewa, na alikuwa mwenye akili kuliko sote. Baba alichukua nyundo, akaiona rangi, akajaribu kuifuta kwa kidole gumba. Haikutoka.

"Umewaambia imetoka wapi?"

Ningeweza kumdanganya. Hakujua kusoma. Lakini nilikuwa nimechoka, nikampa karatasi na kumsomea yote, mpaka pale nilipoandika UINGEREZA.

Mivukuto ilikuwa inafanya kazi, chuma kimekuwa chekundu, watu wote wamenyamaza wakisubiri majina. Baba alikiweka chuma juu ya jiwe la kufulia. Akaishika nyundo. Kisha akaniwekea mkononi.

"Piga."

"Baba, bado hujawataja."

"Nimtaje nani? Waingereza siwajui majina. Wataje wewe uliyewaandika."

Hakusema kwa hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayekuelekeza njia. Chuma kilikuwa kinapoa, na watu wanatazama, nikapiga. Nikapiga mapigo yote kimya. Majembe yalitoka, ntumba zililimwa, na mwaka uliofuata kijiji chetu kilikula ulezi wakati vijiji vya jirani vilikuwa vinakula mizizi. Watu walinishukuru sana. Katibu kata alikuja kunywa pombe ya ulezi huo na kusema kwenye mkutano kwamba mfumo wa vibali umezaa matunda.

Baba aliishi miaka sita zaidi. Kila msimu nilimpa nyundo aanze, na kila msimu alinirudishia. Nilimwomba anifundishe majina, nikiwa peke yangu naye, nikiwa nimemchukulia tumbaku. Alivuta tumbaku akazungumzia mvua.

Rangi ilikwisha kutoka siku nyingi; moto na jasho vimeila. Karatasi ninayo, mihuri yake bado inasomeka. Msimu ukifika mimi ndiye mkubwa kibandani, na jembe la kwanza ni langu. Mapigo sasa ni manane, maana baba naye ameongezeka: napiga la kwanza nataja baba. Napiga la pili nataja babu. Mapigo sita yanayobaki nayapiga kimya, na mwanangu, aliyezoea, anadhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani.