Shahidi wa Bi Koleo

Bi Koleo, fundi wa kompyuta mtaani kwetu, ana mdomo mchafu na mkono msafi. Ukimpelekea mashine imezima anakutukana kwanza, halafu anaishughulikia. Lakini hasemi "imekufa" mpaka amuulize Shahidi. Hilo ndilo jina alilompa pawasaplai yake moja nzima, kile kisanduku cha kuipa kompyuta umeme, yenye utepe mwekundu. Anamchomeka kwenye mashine yako: ikiwaka, mbovu ni pawasaplai yako, ikigoma, ni mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, kazike.

Juzi nilimpelekea yangu. Mimi ni mpiga chapa. Bila kompyuta watoto wangu hawali. Akamchomeka Shahidi, feni ikazunguka kidogo, ikakata.

"Mazabodi, shoga yangu. Pole."

Machozi yakanilenga. Mara akasonya. "Ngoja! Mazabodi hii si niliiweka mimi mwenyewe, mpya?" Akang'oa pawasaplai ya kompyuta yake ya kazini, akaichomeka kwenye yangu. Ikawaka! Akamchomeka Shahidi kwenye ile yake. Ikakata.

Akamfungua kwa bisibisi. Ndani, kapasita zimevimba kama maandazi.

"Huyu si Shahidi wangu. Utepe ndio wangu."

Duka lile lina funguo mbili: wake, na wa mdogo wake wa tumbo moja, aliyemfundisha kazi yeye mwenyewe. Mara huyo mdogo mtu, bwana mkubwa, akaingia na ndevu zake, anapiga mluzi.

"Shahidi yuko wapi?" Bi Koleo akamuuliza.

Akajikuna shingo. "Dada, kuna mteja alikuwa na haraka, nikamuuzia. Nikahamishia utepe kwenye hii mbovu, nikasema nitatafuta nyingine nzima. Sasa... mambo yakawa mengi."

"Lini?"

"Ulipokuwa umelazwa."

Jamani! Nilitaka kumzaba kibao mimi. Dada yuko kitandani hospitali, yeye anamuuzia macho yake! Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

"Na tangu nitoke," Bi Koleo akasema, "unaniona nawaambia watu mashine zao zimekufa. Umekaa hapo. Unaniangalia."

"Ningekwambia, ungenifukuza."

Hakutukana. Bi Koleo, hata tusi moja! Nikaogopa. Akachukua simu, akampigia mwalimu mmoja, spika iko juu.

"Mwalimu, ile kompyuta niliyokwambia imekufa, bado unayo?"

"Nilishaitupa, fundi. Si wewe ulisema?"