Nilificha majina yote kwenye blog, lakini mama akatambulika kwa senene

Jumanne ya kwanza ya Novemba, mwaka juzi, asubuhi, nilimpoteza mama yangu mzazi. Tulimzika kwenye kibanja chetu, shamba la nyumbani huko Muleba, karibu na mibuni aliyoipanda mwenyewe.

Wakuu, poleni na kazi.

Mimi humu ni msomaji tu, nasoma na kupita. Leo naandika kwa sababu nimeona wengi mnauliza namna ya kuanzisha blog ya maisha yako bila kujulikana. Mimi nilianzisha. Nikajulikana.

Elimu yangu ni ya darasa la saba, mtanivumilia. Yote nitakayoandika yametokea. Mahali ambapo siwezi kusema kitu, nitawaambia siwezi. Sitaweka uongo ili pajae.

Tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume. Mimi naishi Bukoba mjini. Yeye amebaki kijijini kwenye kibanja, hajaoa.

Baada ya msiba nilirudi mjini, na watu wakawa wema kwangu kama wiki mbili hivi. Baada ya hapo wakaanza kuniambia, "Jikaze, maisha yanaendelea." Sikuwalaumu. Lakini mimi nilikuwa bado nataka kumtaja mama, na kila nikimtaja naona mtu anatafuta pa kuangalia.

Basi nikafungua blog kwa simu. Naandika jioni nikishaivisha, mistari michache tu. Namna alivyokuwa anaimba akimenya ndizi. Namna alivyokuwa anagombana na kuku mmoja kama anagombana na wifi yake. Vitu vya hivyo.

Nilijificha vizuri, au nilidhani hivyo. Nilifungua email nyingine. Jina langu nikaweka jina la ua. Kijiji sikukitaja, parokia sikuitaja, kazi yangu sikuitaja. Picha sikuweka hata moja, kwa sababu niliwahi kusoma humu humu kwamba picha inaweza kubeba location bila wewe kujua.

Ila kudanganya siwezi. Wengine wanaandika "mama yangu wa Mbeya" wakati mama ni wa Tanga. Mimi nikishaandika uongo hata mmoja, mama anageuka mtu mwingine, na mimi nilikuwa namtaka yeye. Kwa hiyo nilikuwa naacha kutaja tu. Kilichobaki kilikuwa kweli tupu.

Sasa sikilizeni kosa lilipokuwa.

Wasio wa kwetu, ukoo wa Kihaya unakuwa na mwiko wake, kitu ambacho watu wa ukoo huo hawali. Ukoo aliozaliwa mama mwiko wao ni senene, wale panzi wa kuliwa. Hebu fikiria: Muleba, mwezi wa kumi na moja, kila jiko linanukia senene, halafu wewe ndiye huli. Lakini sisi watoto tunafuata ukoo wa baba, na tunakula. Marehemu baba naye alikuwa anakula, tena sana. Hivyo mama alikuwa anazinyonyoa, anazikaanga na kutuandalia, na yeye mwenyewe haweki hata moja mdomoni.

Tatizo likawa chumvi. Utajuaje imekolea kama huonji?

Alikuwa anasimama mlangoni na kijiko mkononi na kuita mtoto yeyote anayepita. "Wewe, njoo unionjee!" Mtoto anaonja. Mama anamtazama usoni kama daktari. Ukisema "imekolea, maawe," unapewa kiganja kizima uondoke nacho. Maawe ni mama kwa Kihaya. Watoto wote wa pale walikuwa wanamwita hivyo msimu wa senene, wakiwa na adabu ambayo miezi mingine hawakuwa nayo.

Niliandika hilo kwenye blog. Nilijiambia Kagera nzima inakula senene, nani atajua ni nani? Ni sawa na kuandika kwamba mama alikuwa anapika ndizi.

Haikuwa sawa. Wanaokaanga senene ni wengi. Anayekaanga bila kuonja na kusimamisha watoto njiani alikuwa mmoja.

Post ilikaa kimya miezi kadhaa. Katikati ya mwaka jana nikaona comment ya mtu nisiyemjua: "Nimelia. Huyu ni yeye. Nikiwa darasa la pili aliniita nimwonjee." Chini yake mwingine: "Hata mimi! Mimi nilikuwa nasema haijakolea makusudi ili nionje mara ya pili." Mwingine tena: "Tulikuwa tunapita pale kumi kumi, alijua, akawa anatuita wote."

Kumbe kuna group la wazawa wa kijiji chetu waliotawanyika mikoani, na mtu alikuwa ameiweka post humo.

Wakuu, nitawaambia ukweli, siku ile nilifurahi. Mama yangu alikuwa analiliwa na watu wazima wenye watoto wao. Nilisoma comments zile nikicheka na machozi yakinitoka, na chai ikapoa.

Sikuwaza kwamba mtu akipenda post moja anashuka chini kusoma zingine.

Chini kulikuwa na post kuhusu mdogo wangu.

Mama alipougua, mimi nilikuwa Bukoba, mguu umefungwa plasta, siwezi hata kwenda chooni bila kushikwa. Nyumbani alikuwa mdogo wangu peke yake. Akamuuguza mama yeye. Kuna jambo alilokuwa anamfanyia ambalo kwetu ni kazi ya binti, na mwanaume halifanyi, kwa mama yake mzazi ndiyo kabisa. Alilifanya mpaka mwisho. Mguu wangu ulipopona kidogo nikaenda, nikamkuta analifanya, kwa upole ambao sikujua anao.

Jambo lenyewe sitalitaja tena. Nililitaja mara moja, ikatosha. Katika blog nililiandika lote lilivyokuwa, na nikamsifu. Niliandika kwamba sijaona mwanaume kama yeye. Hilo mpaka leo silifuti moyoni.

Ila yeye hakuwa ameomba sifa.

Aliyenipigia simu ni jirani yetu wa kijijini, mama mmoja mtu mzima. "Mwanangu," akasema, "umeandika nini huko kwenye simu? Mdogo wako hatoki ndani."

Kijijini kuna kilabu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, ambako mdogo wangu alikuwa anakwenda jioni. Jirani akanieleza kwamba siku hizi akiingia tu, mmoja anainua kibuyu: "Nesi! Karibu Nesi, leo umetoka zamu saa ngapi?" Mwingine anadondosha kichwa mezani: "Nesi waitu, huku kuna mgonjwa, koo limekauka." Kilabu kizima kinacheka. Hawakuwa watu wabaya. Ni wale wale waliochimba kaburi la mama. Lakini mtu hawezi kunywa pombe huku anachekwa kwa siku ngumu kuliko zote alizowahi kuishi. Akaacha kwenda.

Nikafuta post usiku ule ule, na blog yote nikaifunga. Nilidhani ukifuta imefutika. Jirani akaniambia screenshot anayo hata mjukuu wake.

Nikampigia mdogo wangu. Alipokea. Aliniuliza swali moja tu: "Dada, chumbani kwa mama walikuwa watu wangapi?"

Nikasema, "Wewe, mama, na mimi mwishoni."

"Sasa hawa wengine wameingia lini?"

Akakata.

Hakupokea simu yangu tena. Misa ya kumbukumbu ya mama, Novemba mwaka jana, alikaa benchi la upande wa pili. Kaburini aliweka maua yake na kwenda kukata majani makavu ya migomba, kana kwamba migomba ndiyo iliyomleta. Tulikuwa tumebaki wawili duniani, na sasa nilikuwa mmoja.

Hapa palikuwa na aya nyingine kuhusu miezi ile. Nimeitoa. Sababu mtaiona.

Mwaka huu msimu mdogo wa senene, huu wa masika, juzi Jumamosi asubuhi nasikia hodi. Ni yeye, na ndoo imefunikwa kwa jani la mgomba. Hakusalimia vizuri. Alisema tu, "Zimeanguka nyingi mwaka huu."

Nikatoa ungo, tukakaa chini tukaanza kunyonyoa mabawa na miguu. Mnaoijua kazi hiyo mnajua ilivyo ndefu. Huwezi kuifanya huku umenuna muda wote, mikono inakuwa pamoja hata kama ninyi hampo pamoja. Ndoo ilipofika nusu akasema, bila kuinua macho:

"Ungeniuliza, ningekataa."

"Najua."

"Ndiyo maana hukuuliza."

Ilikuwa kweli.

Nikakaanga. Kitunguu na chumvi, mafuta zinayo zenyewe. Nikajikuta nimemnyooshea kijiko.

"Nionjee."

"Wewe si unakula, dada? Onja mwenyewe."

"Nionjee tu."

Akaonja. Akatafuna taratibu, akatazama juu kama alivyokuwa anafanya akiwa mdogo. "Haijakolea," akasema. Nikaongeza. Nikampa tena. "Bado." Mara ya tatu nikaona mdomo unacheza, nikajua ananiibia kama wale watoto. Nikampiga na kitambaa cha jikoni.

Alilala kwangu. Nikamwambia nataka kuwaandikia watu walio kama nilivyokuwa mimi, wasije wakakosea hivi. Akasema, "Andika. Lakini unisomee kabla."

Kwa hiyo, mkuu unayetaka kuanzisha blog. Email ya pembeni fungua, location zima, jina badilisha. Ni vizuri. Lakini watu wako watakujua kwa vile vitu vidogo unavyovipenda zaidi, na hivyo ndivyo utakavyotaka kuviandika. Jiulize tu wakishakujua, nani mwingine atakuwa amesimama mlangoni pamoja na wewe. Kama ni mtu aliye hai, mwende kwanza. Akikataa, amekataa. Hata kama unamsifu.

Mimi blog nimeirudisha, ya mama peke yake. Ninyi mnaoandika za kwenu mnafanyaje na habari za ndugu? Niambieni, nitasoma zote, ingawa mimi kujibu ni mzito.

Uzi huu nilimsomea jana Jumapili tuliporudi kanisani. Alisikiliza ameegemea mlango. Kwenye ile aya akasema, "Toa hiyo." Nikatoa. Nilipofika kwenye kilabu nikasita, nikamwuliza kama nako nitoe. Akafikiri.

"Acha. Hilo la Nesi wamelitangaza wenyewe."

Nikamaliza. Akachukua ndoo yake, akachungulia sufuria, senene bado zilikuwamo.

"Nifungie hizo kwenye kikopo," akasema.

"Si umeshakula?"

"Si za kula mimi. Jioni nakwenda kilabuni. Nawapelekea wagonjwa wangu."