Homa ya Namba Tatu

Kituoni walimwita Kiganja. Alikuwa fundi umeme wa redio kwa miaka ishirini na mbili, mtu mnene, wa mwendo wa taratibu, ambaye hakuamini kipimo chochote kabla hajaweka kiganja chake kwenye mlango wa mashine, kama mzazi anayempima mtoto homa. Alikaa hivyo macho ameyafumba, kisha anatoa hukumu: "Huyu mzima," au "Huyu wiki hii haimalizi." Mara nyingi ilikuwa kweli, na hilo lilimvimbisha kichwa kidogo.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya studio. Humo yalisimama makabati matatu marefu, vigeuzi vya umeme, ambavyo kazi yake ni kupokea umeme wa mtaani unaopanda na kushuka, kuutuliza, na kuugeuza uwe wa aina inayotakiwa na mitambo ya kurushia matangazo. Kigeuzi kimoja kikilegea, redio inakoroma. Viwili vikilegea, inanyamaza kabisa.

Mwaka ule vya zamani viling'olewa, vikaletwa vipya vinavyojichunguza vyenyewe. Kila kimoja kilikuwa na kioo kidogo kinachoonyesha joto lake, mzigo wake na mwendo wa feni zake, na kikipata tatizo kinatuma ujumbe kwenye simu ya fundi. Mhandisi aliyekuja kuvifunga alikuwa dada mmoja mwenye haraka.

"Fundi, nitajie namba yako ya simu."

Kiganja akaitaja bila kufikiri, huku ananung'unika kwamba mashine ikishajua kujieleza, fundi wa nini tena. Ilikuwa namba pekee aliyoijua kwa kichwa. Alichosahau ni kwamba laini hiyo alishampa mama mkwe wake mwaka uliopita, yeye akanunua nyingine ambayo hakuwahi kuikariri.

Mama mkwe alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mdogo wa umbo, mwenye sauti ya kufika hadi dawati la nyuma. Ujumbe wa kwanza ulimkuta sebuleni, redio ikiwa wazi, saa kumi na robo za alasiri: TAHADHARI. KIGEUZI 3. JOTO LIMEZIDI. NYUZI 78. Hapohapo redio ikaanza kukoroma. Mama akausoma mara mbili, akampigia mkwe wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, mama."

"Na namba tatu?"

"Namba tatu ndiye nani, mama?"

"Sijui. Nimeandikiwa hapa kwamba ana nyuzi sabini na nane. Mtu mwenye joto hilo hakai, baba."

Kiganja akashukuru, akaenda kuweka kiganja kwenye mlango wa namba tatu. Ulikuwa wa vuguvugu tu. "Huyu mzima," akasema, akarudi kwenye kiti chake.

Kesho yake, saa kumi na robo, simu ikaita tena. Na kesho kutwa. Kwa miaka kumi na tisa yeye na mama mkwe walikuwa wakisalimiana, wanaulizana habari za mvua, basi. Ujumbe wa mashine angeweza kuufuta, na simu angeweza kuizima, lakini mama mkwe hakatiwi simu. Siku ya tatu alikwisha kuelewa kosa lilipo. Ila kulirekebisha kulimtaka akamwambie mkuu wa kituo kwamba mitambo yote ya redio inaripoti kwa mama mkwe wake. Akaona afadhali ajinyamazie.

Aliyemuudhi zaidi ni mtangazaji wa kipindi cha saa kumi, kijana mwembamba waliyemwita Sauti Tamu. Kila redio ilipokoroma, huyu alisema kwa upole mwingi, "Mtuwie radhi, wasikilizaji. Mafundi wetu wanaendelea kujitahidi." Neno "kujitahidi" alilivuta mpaka Kiganja akalisikia kama tusi.

Wiki ya tatu mkuu wa kituo, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alichoka. Akasoma namba ya fundi iliyoandikwa kwenye mitambo, akaipiga.

"Naongea na fundi wa zamu?"

"Unaongea na mama mkwe wake. Ulitaka ripoti ya leo au ya wiki nzima?"

Kiganja aliitwa ofisini, akakiri kila kitu huku anaangalia viatu vyake. Alitarajia kufokewa. Mkuu wa kituo akauliza kitu kimoja tu: "Anaandika?"

"Ni mwalimu," Kiganja akajibu. "Anaandika kila kitu."

Kesho yake saa kumi kamili mama mkwe aliwasili na mkoba na daftari la mistari. Kiganja akamfutia kiti vumbi mara mbili. Mama hakukikalia. Alifungua daftari mbele ya makabati.

"Homa inapanda kila siku saa kumi na robo," akasema. "Isipokuwa Jumatano na Jumapili. Siku hizo analala salama. Sasa niambieni, siku hizo mbili hapa nani hayupo?"

Mkuu wa kituo akatazama ratiba ukutani. "Sauti Tamu anapumzika."

"Kuongea hakupandishi mashine joto," Kiganja akasema.

"Na huku nyuma kuna nini, baba?"

"Matundu ya kutolea hewa ya moto, mama."

"Umeyaangalia?"

Kiganja akautazama mwanya kati ya kabati na ukuta, kisha akalitazama tumbo lake. "Tangu vifungwe hakuna mtu aliyefika huko."

"Wewe ndiye hujafika," mama akasema, akajipenyeza ubavu ubavu.

"Mama, nakuomba, usiguse chochote."

"Sigusi mashine. Nagusa nguo."

Akatoka ameshika kwa ncha za vidole viwili fulana ya kuchezea mpira iliyolowa jasho, namba tisa mgongoni, na soksi mbili. Kwenye spika ya ukutani Sauti Tamu alikuwa anaomba radhi kwa niaba ya mafundi. Wote watatu wakaigeukia spika. Kwenye kioo cha namba tatu joto lilianza kushuka: sabini na saba, sabini na moja, sitini na tano. Mkoromo ukakatika.

Mkuu wa kituo alisubiri wimbo uwekwe, akafungua mlango wa studio na kuinyanyua ile fulana. Sauti Tamu akakubali yote. Kila siku ya kipindi anacheza mpira mchana, anaoga, anaitundika fulana kwenye matundu kabla ya kuingia hewani, na kipindi kikiisha anaikuta imekauka.

"Hizi mpya zinakausha haraka," akaeleza. "Zile za zamani zilichukua mpaka jioni."

Kiganja akakalia kile kiti alichomfutia mama mkwe. Miaka yote ile alikuwa akipima mlango wa mbele, homa iko mgongoni.

Sauti Tamu alitakiwa aombe radhi upya, akasema hewani kwamba hitilafu ilikuwa yake mwenyewe, na safari hii hakuvuta neno lolote. Mhandisi akaelekezwa kwa simu aongeze namba ya Kiganja. Alipouliza kama aifute ile ya kwanza, mkuu wa kituo alimwambia asithubutu.

Jumapili Kiganja alikwenda kwa mama mkwe na daftari jipya, akamwomba amwonyeshe jinsi ya kuchora majedwali. Alichora vibaya, mama akamfutia, akarudia. Wiki ya pili walikuwa wanabishana kuhusu feni ya namba moja, ambayo kwa maoni ya mama ilikuwa inachelewa kuamka. Kiganja alisema ni uchovu wa kawaida. Mama akamwambia aache kumtetea. Mke wa Kiganja aliwaletea chai, akasimama mlangoni akisubiri apate nafasi ya kusema neno, hakuipata. Akaichukua chai yake na kwenda kuinywa kwa jirani.