Taa haijawaka

Leo nimesema "Amina" kabla mchungaji amalize kuomba. Tena nyumbani kwangu!

Msichana wangu Chebet anafanya kazi maabara ya chuo. Wamefundisha panya kungoja taa iwake, ndio wafinye kidude wapate chakula. Wakipewa dawa ya kuchangamsha, kungoja kunawashinda. Wanafinya mapema na wanakosa.

Asubuhi nilimcheka: "Nilichuna majani chai miaka hiyo yote ndio uende kusumbua panya?"

Sasa, mchungaji mpya alikuwa anatutembelea mara ya kwanza. Nilitaka sana nisiaibike. Kwa wasiwasi nikanywa strungi, chai bila maziwa, vikombe vinne, kali kabisa.

Akaanza kuombea chakula. Akafika "uwabariki wote..." akavuta pumzi.

Mimi: "AMINA!"

Watu wakafungua macho. Mzee wangu akashika paja la kuku. Mchungaji bado ameinua mikono!

Chebet akaninong'onezea, "Mama, taa haijawaka."

Nilicheka mpaka machozi. Mchungaji akauliza kuna nini, ikabidi aelezwe mambo ya panya na vile vikombe vyangu vinne.

Akasukuma kikombe chake cha strungi polepole. "Mama Chebet, mimi niletee maziwa. Jioni nahubiri."

Haya, chekeni. Lakini mseme na aibu zenu.