Kikombe cha Mfitini

Hadi leo nikipita Makambako navuta kofia ya koti mpaka puani, na ukiniuliza nitakuambia ni upepo (upepo wa pale ni kisingizio kizuri, unamsitiri kila mwenye jambo lake), lakini ukweli ni kwamba mji ule una watu wazima wenye heshima zao ambao wakiniona wananiita Sabuni, na mmoja wao ni mama mkwe wangu. Ngoja niwasimulie mwenyewe kabla Festo hajawasimulia, maana Festo akisimulia huongeza chumvi.

Kikundi chetu cha maigizo ni cha Njombe mjini, tunafanyia mazoezi sebuleni kwa dada yangu, Mjimwema, na wakati huo tulikuwa tumeshika tanzia ya mtindo ule wa kale, ya watawala na wivu na vifo. Mtemi ana mdogo wake anayempenda, na ana mshauri aliyekitamani cheo akapewa huyo mdogo mtu. Kijicho kinamkaa mshauri kifuani kama ukungu unavyokaa asubuhi kwenye mabonde ya Kifanya, hakiondoki wala hakisemi, hadi siku mshauri anapotia sumu kwenye kikombe cha ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, anampelekea Mtemi na kumwambia kimetoka kwa mdogo wako. Mtemi anakunywa anakufa, mdogo mtu anasingiziwa anauawa, na mshauri anabaki na kiti cha enzi na upweke wake. Festo, muuza mbao mrefu mwenye sauti ya ngoma, alikuwa Mtemi. Mshauri nilikuwa mimi, na kwa kuwa maneno yote niliyaandika mimi, yale matamu nilimpa huyo mshauri.

Sasa, siku tuliyokwenda kuonyesha Makambako, kwenye ukumbi wa parokia, mchumba wangu Agatha alinivuta pembeni akaniambia mama yake anakuja kutoka Mahongole, hajawahi kuniona, na Jumapili inayofuata mshenga wangu anakwenda kwake kuposa, na baba hayupo duniani, kwa hiyo neno la ndiyo au hapana ni la mama peke yake.

"Si ungecheza hata mlinzi wa mlangoni," alisema, "mama akuone umesimama tu, umenyamaza, una adabu?"

Nikamjibu kwamba sanaa ni sanaa.

Hilo peke yake lisingeniua. Kilichoniua ni povu. Ulanzi wetu wa jukwaani ulikuwa maji na maziwa ya unga, na pale kwenye kikombe ulionekana umelala kama uji wa mgonjwa, wakati ulanzi uliochachuka vizuri unapanda povu, na mimi nilitaka walioketi nyuma kabisa walione. Nyuma ya jukwaa, juu ya sinki, nikaona sabuni ya unga ya kufulia. Nikachota kidogo tu kwa vidole, nikakoroga, povu likapanda jeupe kama wingu juu ya mashamba ya chai, nikafurahi kama mtu aliyemaliza shairi. Festo hanywi, niliwaza, huinamisha tu kikombe kisha anaanguka.

Mchezo ulianza vizuri mno. Nilinong'ona, nilichongea, nilitabasamu huku nauma, na kila nilipompaka matope mdogo mtu akina mama walinisonya ukumbi mzima (mwigizaji akisonywa hivyo anasikia makofi). Ndipo nikapiga magoti, kikombe mikononi.

"Mtemi wangu, mdogo wako amekukumbuka kwa kinywaji hiki."

Festo akanyoosha mkono. Na kutoka benchi la mbele, bila kelele, mama mmoja mwenye kitenge cha kijani akasema, "Hajaonja."

Huku kwetu mtu akikupa ulanzi anaonja kwanza yeye, mbele ya macho yako, ndipo anakupa, na asiyeonja ana jambo lake. Hilo mtoto analijua. Mimi, mzaliwa wa hukuhuku, nilikuwa nimeandika kichwa kikiwa kwenye majumba ya wafalme wa mbali, nikalisahau, na kwenye mazoezi hakuna aliyelikumbuka. Mkono wa Festo uliganda hewani. Nilimtazama kwa macho ya kumwambia kunywa, ndugu yangu, kunywa tufe vizuri, lakini yeye anaapa mpaka leo kwamba mkono ulikataa, asingeweza kupokea kikombe kisichoonjwa mbele ya wazee wote wale.

"Kweli," akasema kwa sauti ileile ya kitemi. "Onja kwanza."

Ukumbi wote ukadai nionje. Nikagusisha midomo, nikajifanya nimemeza.

"Koo halijashuka," akasema yule mama, na safari hii alikuwa amesogea hadi ukingoni mwa jukwaa.

Nikameza. Jamani, nilimeza siku nzima ya kufua. Nikakohoa, povu likatoka mdomoni, likatoka puani, na kipovu kimoja kikubwa kikaelea taratibu kwenda dirishani huku watu wote wakikisindikiza kwa macho. Mtu akasema kijana ametia sumu ya kweli, mwingine akaleta maziwa, wakaninywesha kwa nguvu, na maziwa yakaongeza povu. Mdogo mtu, aliyekuwa nyuma ya pazia akisubiri kukamatwa, akatoka kuuliza kama zamu yake imefika. Festo, mzima wa afya kwenye mchezo uliotaka afe mapema, akasimama na kutangaza, "Mfitini amekufa. Nchi imepona. Chai iko nje." Hatujawahi kupigiwa makofi kama yale.

Nilikuwa bombani Agatha akininawisha, mabega yake yanatikisika nisijue analia au anacheka, kitenge cha kijani kilipokuja kusimama mbele yangu.

"Kamwene, baba," akanisalimu. "Wewe ndiye yule?"

Nikasema ndiye mimi, mama.

"Haya," akasema, akaondoka. Wiki nzima niliilalia ile haya na kuamka nayo.

Jumapili mshenga alipokwenda, mama, yuleyule wa kitenge cha kijani, alikuwa ameagiza nami niwepo. Tulipoketi akaleta ulanzi, wa kweli, akaonja mwenyewe polepole, koo likashuka nikaliona, kisha akanipa.

"Nilijua ni mchezo, mwanangu," alisema. "Nilitaka kukuona ukibanwa. Mfitini wa kweli angekidondosha kikombe akasingizia mkono. Wewe ufitini unauandika tu, huuwezi. Kunywa, tuzungumze."

Basi, povu nimeapa sitalirudia, na ule mchezo nimeuandika upya. Mshauri wangu siku hizi hatii sumu, hufitini kwa ulimi peke yake. Kikombe chake kina maji matupu niliyoyakinga mwenyewe bombani, na kila tunapokwenda Makambako mama huketi benchi la mbele, hatazami mwingine, ananitazama mimi kooni. Naonja. Koo linashuka.