Zisizoumiza Bega

Muuza risasi wa duka la chini ya mlima, kule Montana, ana vidole vinene vya mkata magogo, lakini risasi akiishika utadhani kashika yai. Msimu wa kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa milimani, ukikaribia, mteja akisitasita mbele ya kaunta, humbingirishia moja kiganjani na kumwambia kwa sauti yake ya puani, "Chukua hizi nyepesi, bunduki ikipiga teke hazikuumizi bega." Kisha hugonga boksi kwa ukucha, na maneno yamekwisha. Pembeni yake kuna gudulia la kioo. Anayeangusha elki hurudi na risasi aliyoikuta ndani ya nyama, imebonyea kama uyoga, akaitumbukiza mle huku dukani wakimshangilia.

Juzi Loretta, mbishi anayenunua risasi nzito siku zote, alimwekea juu ya kaunta kipande chembamba cha shaba kilichochanika. "Mzee, hiki si changu. Nimekikuta kwenye bega la elki wangu, juu kovu, ndani usaha mtupu. Kuna mtu alimpiga mwaka jana, risasi nyepesi ikapasukia mfupani. Kachechemea mwaka mzima, maskini." Alingoja mzaha, maana mzee hakosi mzaha. Mzee alikibingirisha kile kipande, akakibingirisha tena, mpaka Loretta akaona haya kumtazama. Hakukitia guduliani. Alikitia kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo.

Mteja mwingine akasogea. "Nipe zile zisizoumiza bega."

"Zimekwisha," akasema mzee, na rafu nyuma yake imejaa hizo hizo.